Orodha ya Waliohudhuria

Sehemu ya saba

Saa tano na dakika kumi asubuhi, gazeti lilikuwa limefunguliwa ukurasa wa nne na kutandazwa juu ya mchanga, katikati ya alama nane za miguu ya baraza ambalo halikuwapo tena.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na tangu hapo hakuna aliyesogea ila nzi. Wanaume thelathini hivi wa Uwanja wa Visima Viwili walikuwa wamechuchumaa kuuzunguka mstatili mtupu. Kwa miaka mia na ishirini baba zao walikalia baraza lile la mbao: wakapanga harusi juu yake, wakagombana, wakanywa chai, wakalala. Lilikuwa na nafasi ya watu arobaini, au thelathini na tano kukiwa na mabishano.

Jana, siku ya kwanza ya sikukuu ya kuzaliwa kwa mji wa Bikaner, baraza lilichukuliwa mchana kweupe. Hakuna aliyeona. Watu wote walikuwa madarini wanarusha tiara, na mji mzima ulikuwa unatazama juu.

Mzee Meghraj Kiradu, mkuu wa uwanja, mwenye umri wa miaka sabini na minane, aliweka kidole juu ya gazeti.

"Huyu hapa shahidi," alisema. "Hana mke, hana shemeji, hahongwi. Bulaki, mwanangu, uliandika wewe. Tusomee wewe."

Bulaki Ranga aliokota gazeti. Alikuwa mwandishi wa habari za mjini wa *Mwangwi wa Thar*, miaka arobaini na mmoja, mwenye safu yake iitwayo "Niliyoyaona". Alikuwa pia na kanuni: habari haiandikwi mpaka iwe na mashahidi wawili. Ameirudia kanuni hiyo mara nyingi kiasi kwamba mkewe, Rukma, aliidarizi kwenye foronya yake ili angalau iwe inasemwa kimya kimya.

"Soma kwa sauti," alisema konstebo Sahiram, aliyesimama pembeni na pikipiki yake. "Saa sita kamili naondoka na mtu. Mkinipa mwingine, nitamchukua huyo mwingine. Kwangu uzito ni ule ule."

Mtu mwenyewe alikuwa Dhanna Suthar, seremala, ambaye ukoo wake umelikarabati baraza lile kwa vizazi vinne. Siku tatu kabla ya wizi, alionekana akilipima kwa futi kamba. Yeye alisema ametumwa na Wakili Loknath Ojha. Akasema pia kwamba jana saa tano alimwona wakili kwa macho yake, hapa hapa uwanjani, kando ya mkokoteni wa ngamia.

"Saa tano?" Wakili Loknath aliuliza kwa upole. Alikuwa amevaa nyeupe tupu, hata viatu. "Saa tano nilikuwa nimekalia kiti cha mwenyekiti mbele ya wajumbe wa Chama cha Sanaa. Nusu ya wanaonisikiliza sasa walikuwapo. Mimi sijitetei, jamani. Gazeti linitetee."

Dhanna alimtazama Bulaki. Mikono yake mikubwa ilikuwa magotini, na kila mtu uwanjani alielewa hesabu ile: seremala akishapanda pikipiki ya polisi kwa wizi, hakuna mlango wala dirisha la mji wa kale atakaloitwa kulitengeneza tena, hata akirudi kesho yake.

Bulaki alisoma.

"'Jana saa nne kamili asubuhi, Chama cha Sanaa na Fasihi kilifanya hafla ya kufana ukumbini, chini ya uenyekiti wa Wakili Loknath Ojha. Mwimbaji mkongwe Bi Jamna alivishwa shali na kukabidhiwa cheti huku makofi yakirindima. Mzee Meghraj Kiradu alitoa baraka. Wengine waliohudhuria ni...'"

"Endelea," alisema Asuram muuza dengu za kukaanga. "Taja na wengine."

"'...Asuram Purohit...'"

"Naam."

Majina yalikuwa thelathini na manne. Kila aliyetajwa aliinua kidevu kidogo.

Sasa, msomaji, kuna jambo ambalo Bulaki alilijua peke yake. Katika majina yale thelathini na manne, hakuona hata mtu mmoja. Hakwenda.

Habari ile aliiandika juzi jioni, hafla ikiwa bado haijafanyika. Alikuwa na kadi ya mwaliko na orodha ya mwaka jana. Orodha ya mwaka jana nayo aliinakili kutoka ya mwaka juzi, na kadhalika kwa miaka kumi na mmoja. Katika mji ule watu hawanunui gazeti wapate habari, kwani habari wanazo tangu jana. Wananunua waone kama wamo. Ukiruka jina moja, utapigiwa simu siku tatu, na siku ya nne atakuja mama wa mwenye jina. Bulaki hakuwahi kuruka. Alikuwa makini sana, kwa kweli: waliofariki aliwaondoa.

Na jana saa nne kamili asubuhi, wakati makofi yakirindima, yeye alikuwa darini kwake, Rukma amemshikia kibiringo cha uzi, tiara yao ya pili inakatwa na uzi wa jirani.

"Sasa tumesikia," alisema Mzee Meghraj. "Mtu hawezi kuwa ukumbini na kuwa hapa. Afande, saa ngapi?"

"Tano na dakika ishirini na mbili."

"Basi hatuna haja ya kungoja sita."

Dhanna alisimama. Hakubishana. Alitoa futi kamba mfukoni na kumkabidhi jirani, kama anayeweka vyombo kabla ya safari.

"Subirini," alisema Bulaki.

Alitaka kusema kwa sauti nzito. Ilitoka nyembamba.

"Nini?" Mzee aliuliza.

Bulaki hakuwa shujaa, na mwandishi wa hadithi hii hatamfanya awe. Alijiambia kwamba kunakili orodha si ushahidi kwamba watu hawakuwapo. Huenda walikuwapo wote. Huenda aliandika uongo uliotokea kuwa kweli, na katika kazi yake hilo lilikuwa limemtokea mara nyingi. Aliamua kuuliza kwanza. Kuuliza hakumvunji mtu.

"Mzee wangu, ile baraka uliyoitoa jana. Ulisema maneno gani?"

Mzee Meghraj alikohoa. "Ya kawaida."

"Kama yapi?"

"Mwanangu, uliandika wewe kwamba nilitoa. Unaniuliza mimi?"

Bulaki alimgeukia Asuram. "Kaka Asuram, ulikaa wapi?"

"Mbele."

"Mbele upande gani?"

"Upande wa... upande ule nikaao siku zote."

"Bi Jamna alivishwa shali la rangi gani?"

Asuram alitazama juu, kana kwamba shali lilikuwa linapepea huko. Huko zilikuwa tiara tu.

"Jua lilikuwa kali," alisema hatimaye.

"Ndani ya ukumbi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, akajizuia. Wakili Loknath alipunguza tabasamu kidogo, kama mtu anayepunguza utambi wa taa.

"Ndugu mwandishi," alisema, "unahoji habari yako mwenyewe?"

"Naihoji."

"Kalamu yako haijawahi kukosea miaka kumi na mmoja."

"Haijawahi kwa sababu haijawahi kwenda," alisema Bulaki.

Likamtoka hivyo hivyo. Alilisikia likianguka, na hakukuwa na namna ya kulirudisha, basi akalifuata. "Sikuwapo. Niliandika juzi. Orodha ni ya mwaka jana. Ya mwaka jana ni ya mwaka juzi. Sijui nani alikuwapo, nani hakuwapo. Gazeti hilo halimtetei wakili wala halimtetei mtu yeyote. Lifungieni dengu."



"Muongo!" Asuram alipaza sauti. "Unanivunjia heshima! Mimi nilikuwapo, nimeandikwa!"

"Nimekuandika mimi!"

"Basi kama uliniandika, nilikuwapo!"

"Nani mwingine anathibitisha kwamba hukwenda?" Wakili aliuliza, bado kwa upole. "Si una kanuni yako ya mashahidi wawili?" Akaugeukia uwanja. "Huyu ni rafiki wa seremala. Milango ya nyumba yake alitengenezewa na nani? Leo anamlipa fadhila."

Ilikuwa hoja nzuri. Bulaki mwenyewe aliiona ni nzuri. Ndipo kutoka juu, dari la tatu kushoto, ikaja sauti ambayo hakuiomba.

"Baba Lalit!"

Wanaume wote thelathini waliinua vichwa. Rukma alikuwa ameinama ukingoni, kibiringo mkononi.

"Hao wanataka shahidi? Waambie jana kuanzia saa tatu na nusu mpaka adhuhuri ulikuwa hapa. Tiara saba zilikatwa. Ya nne alikukata mtoto wa darasa la pili!"

"Asante, mama Lalit," Bulaki alisema bila kuinua kichwa.

"Na bakuli tatu za mchanyato wa uwele na choroko! Kwa samli! Na maji ya ukwaju sikuyahesabu!"

"Inatosha!"

"Nasaidia ukweli!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Na kicheko kile kilifanya kazi ambayo maswali yalishindwa, kwa sababu mtu anayecheka husahau alichokuwa anakilinda. Mwalimu mmoja mstaafu, jina la kumi na tisa katika orodha, alifuta macho na kusema, "Hata mimi sikwenda. Mgongo. Nilipoliona jina langu leo, nikasema, basi, wamenisitiri."

"Wewe pia?" aliuliza jina la saba.

"Kwani wewe?"

"Nilidhani ni mimi peke yangu."

Wakatazamana. Jina la saba, la kumi na tisa, la ishirini na mbili. Mmoja baada ya mwingine, kila mtu alikiri kwa namna yake: huyu mkwewe alikuja, yule tiara ilikuwa imepanda vizuri, mwingine alikwenda mpaka kona akasikia kelele za madarini akarudi. Kila mmoja aliamini wengine wote walikwenda. Kila mmoja aliponunua gazeti alijiona amebahatika, akanyamaza.

Asuram alikuwa wa mwisho. "Nilituma dengu," alisema.

"Zilifika?"

"Mpelekaji alizirudisha. Hakusema kwa nini. Sikuuliza."

Wote walimgeukia Mzee Meghraj. Mzee alikuwa anakunja gazeti polepole, mara mbili, mara nne.

"Magoti yangu," alisema, "hayapandi ngazi za ule ukumbi tangu majira ya baridi. Lakini baraka niliitoa moyoni."

"Kwa hiyo," alisema konstebo Sahiram, aliyekuwa anafuatilia kwa utulivu wa mtu anayelipwa kwa mwezi, "hafla haikuwapo?"

"Ilikuwapo," alisema Wakili Loknath. "Mimi nilikuwapo. Na Bi Jamna alikuwapo. Watu wawili ni wachache, nakubali, lakini ni hafla. Nilimvisha shali kwa mikono yangu."

Aliyesema sentensi hiyo hakuwa ametazama nyuma yake.

Saa tano na dakika arobaini na tano, Bi Jamna alikuwa amesimama kwenye mdomo wa kichochoro, gazeti limekunjwa kwapani. Mwanamke mfupi wa miaka sabini na moja, aliyeimba katika harusi za karibu kila mtu pale, na za mama zao. Wanaume walisimama. Hata konstebo.

"Shikamoo, mama," alisema Bulaki.

"Marahaba. Wewe ndiwe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Nimekuja kuchukua shali langu."

Alilichomoa gazeti kwapani.

"Imeandikwa hapa nimevishwa," Bi Jamna aliendelea. "Wajukuu wamesoma asubuhi. Wananiuliza, bibi, liko wapi? Na cheti. Nikasema huenda nimelisahau, nina umri. Nimepekua sanduku zima. Kisha nikakumbuka kwamba sikusahau kitu. Nilikaa kwenye ngazi za ule ukumbi kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa saba. Mlango ulikuwa na kufuli. Nimevaa nguo niliyovaa siku ya kumwoza binti yangu. Nikangoja. Watu wakubwa huchelewa, nikajua wanakuja."

"Mama..." alianza Wakili.

"Wewe una ufunguo," alisema Bi Jamna. "Kwenye kadi imeandikwa: ufunguo kwa mwenyekiti. Ungekuja, ningekuona. Sikuwa na kingine cha kutazama."

Bulaki alitaka kusema samahani. Alilipima neno hilo akaliona dogo mno, halitoshi hata bega moja. Akauliza kilichomstahili mwandishi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja.

"Mama, ulipokaa pale, uliona nini?"

"Nimeona mbwa wawili. Nimeona mpelekaji wa dengu. Nilimwambia arudi nazo, hapana watu. Na saa tano na nusu nimeona mkokoteni wa ngamia umebeba kitanda cha majitu, kimepinduliwa, miguu minane juu."

Uwanja mzima ulivuta pumzi.

"Mwenye ngamia alisimama akanisalimu. Mgeni, si wa mji huu. Hajui kusoma. Akanipa karatasi nimsomee anakopeleka mzigo. Nikamsomea: ghala la tatu, nyuma ya soko la sufu. Nikamwelekeza njia. Akashukuru, akaenda zake, karatasi akaniachia mkononi."

"Unayo?" aliuliza konstebo, naye alikuwa ameshaiacha pikipiki.

"Ninayo. Nilikuwa najipepea nayo kwa sababu ya jua." Aliitoa ndani ya gazeti. Lakini hakumpa konstebo. Alimtazama Bulaki, akasita. "Mwanangu, nilidhani unajua. Ndiyo maana nilipoliona jina lako kwenye gazeti, lile lile la kwenye karatasi hii, nikasema, huyu ndiye mtu wa kumwendea."

"Jina langu limeingiaje kwenye karatasi hiyo?"

"Soma."

Karatasi ilikuwa na muhuri wa uwanja na mistari mitatu iliyopigwa chapa. *Mchukuzi achukue baraza la Visima Viwili kwa matengenezo. Alifikishe ghala la tatu, nyuma ya soko la sufu. Kwa idhini ya katibu wa uwanja.* Chini yake, kwa wino wa buluu, kulikuwa na sahihi ndefu yenye mkia, sahihi ya mtu anayeuonea fahari mwandiko wake.

Ilikuwa ya Bulaki Ranga. Si ya kughushi. Aliutambua ule mkia.

Alikuwa katibu wa uwanja kwa sababu moja tu, mwandiko. Kila Jumapili Wakili Loknath humletea bahasha ya karatasi za uwanja, risiti za maji, risiti za taa, na Bulaki husaini zote kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika chai. Hazisomi. Kwa nini azisome? Zinafanana kila wiki.

"Ni yako?" aliuliza konstebo.

Kulikuwa na jibu refu na jibu fupi.

"Ni yangu," alisema Bulaki. "Lakini sikusoma."

"Hukuona ulichoandika," alisema konstebo Sahiram taratibu, akihesabu kwa vidole, "na hukusoma ulichosaini."

"Ndiyo, afande."

"Na unajua kusoma."

"Ndiyo, afande."

"Dhanna Suthar, nenda nyumbani."

Saa tano na dakika hamsini na nane, jirani alimrudishia seremala futi kamba yake. Watu watatu walimshika mkono, mmoja wao akiwa Asuram, ambaye asubuhi alitaka apelekwe bila kungoja. Dhanna alisogea hadi alipo Bulaki.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "ungenyamaza, ungekuwa nyumbani."

"Najua."

"Nitakwenda ghalani. Nitalijua hata wakilipaka rangi. Mguu wa tano una kiraka cha babu yangu."

"Nenda sasa."

"Twendeni wote!" alisema mwalimu mstaafu, na jina la saba akaenda kutafuta gari, na la ishirini na mbili akakumbuka kwamba gari lake halina mafuta.

Konstebo alimshika Bulaki kiwiko. Darini, Rukma alikuwa amekiweka kibiringo chini. Hakupiga kelele safari hii, na hilo lilimtisha Bulaki kuliko kiwiko.

"Afande, dakika moja." Wakili Loknath alikuwa amewafikia. Nguo zake nyeupe hazikuwa na hata chembe ya mchanga. "Huyu hatasema neno jingine mpaka awe na mwanasheria. Na anaye. Ni mimi."

"Sikukuajiri," alisema Bulaki.

"Umeniajiri." Wakili alifungua mkoba, akachomoa karatasi moja kati ya nyingi. Hati ya uwakilishi katika mashauri yote, ya sasa na yajayo. Tarehe ya Jumapili mbili zilizopita. Chini, wino wa buluu, mkia mrefu. "Uliisaini huku unakunywa chai," aliongeza kwa huruma.

Konstebo aliisoma yote, neno kwa neno, midomo ikitembea. "Iko sawa," alisema. "Mtu ana haki ya wakili wake. Pandeni."

Sahiram alikaa mbele. Bulaki alikaa katikati. Wakili alikaa nyuma na kumwekea mteja wake mkono wa kushoto begani. Kwa mkono wa kulia, karibu kabisa na sikio la Bulaki, alitoa simu.

Bulaki aligeuza kichwa kidogo.

Kidole gumba cha wakili kiliandika maneno manne: *Litoeni ghalani sasa hivi.* Kikabonyeza.

Saa sita na dakika tisa, zikatokea alama mbili ndogo chini ya ujumbe. Ulikuwa umepokelewa.